Moyo na Mwendo katika Nchi ya Kaputiei

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Mmarekani aliyeitwa George Mann, wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt mjini Nashville, alikuja Umaasaini akiwa na swali moja. Kwao, wanaume wa makamo walikuwa wakianguka na kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo, na wataalamu wengi walikuwa wameanza kuamini kwamba mkosaji ni mafuta ya wanyama. Mann hakuridhika. Akawatafuta watu walioishi vizazi na vizazi kwa maziwa, nyama na damu ya ng'ombe, ili aone mioyo yao iko katika hali gani.

Alianzia upande wa Tanganyika, kusini ya mpaka wa Namanga, mpaka ambao Waingereza na Wajerumani waliupitisha katikati ya malisho ya watu wamoja. Yeye na wenzake waliwapima wanaume 400 wa Kimaasai: wakachukua damu, wakapiga michoro ya umeme wa moyo, wakauliza habari za maumivu ya kifua. Ripoti ilitoka mwaka 1964. Dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo zilikuwa karibu hazipo, na kolesteroli katika damu ilikuwa chini licha ya maziwa yote yale. Mwaka uliofuata, katika jarida la Lancet, wakaongeza jambo la pili. Walikuwa wamewapandisha wanaume wa Kimaasai kwenye mashine ya mkanda unaozunguka, mtu atembee na kukimbia mpaka pumzi zimwishie, na wakakuta siha ambayo Wamarekani wa kawaida hawakuikaribia.

Ripoti ya tatu, ya mwaka 1972, ndiyo inayostahili kusomwa polepole. Safari hii walikuwa na mioyo na ateri kuu za wanaume 50 wa Kimaasai waliokwisha kufariki. Lau kinga yao ingetokana na damu safi peke yake, mishipa hiyo ingekutwa safi. Haikuwa hivyo. Katika kuta za mishipa inayoulisha moyo wenyewe walikuta utando wa mafuta na makovu, unene wake sawa na wa wazee wa Marekani. Ugonjwa ulikuwemo. Lakini mishipa ilikuwa imepanuka kadiri umri ulivyosonga, ikapanuka kuliko utando ulivyoongezeka, hata njia ya damu ikabaki wazi. Mann akatoa kisio, naye alilitaja kuwa ni kisio: kwamba siha ya mwili ndiyo iliyoipa mishipa ile upana.

Si wote waliomwafiki. Mwaka 1971 kundi jingine la watafiti wa Marekani, likiongozwa na K. Biss, lilidai kwamba miili ya Wamaasai ina namna yake ya kuzaliwa nayo ya kuizuia kolesteroli isipande. Gerald Shaper, aliyekuwa akifanya kazi Makerere, Uganda, alikuwa ameshawapima Wasamburu wa kaskazini mwa Kenya, binamu wa Wamaasai kwa lugha na kwa ufugaji, akachapisha matokeo yake mwaka 1962. Nao pia walikunywa maziwa kwa wingi bila kolesteroli kupanda. Ubishi juu ya chakula na nasaba haukuisha. Hata hivyo, mwaka 2010 Mtanzania Julius Mbalilaki na wenzake walipima jambo ambalo Mann alilikisia tu. Walilinganisha Wamaasai, Wabantu wa vijijini na Wabantu wa mjini nchini Tanzania, wakahesabu nguvu inayotumiwa na mwili kwa siku zaidi ya ile inayohitajika mtu akiwa ametulia. Wa mjini walitumia kalori 891. Wa vijijini 1,500. Wamaasai 2,565, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilikuwa ni kutembea.

Naiona tofauti hiyo kuwa kiini cha habari yote inayofuata.

Katika Ulaya na Marekani, habari ya moyo na mwendo ilikuwa imeanza zamani zaidi. Tarehe 21 Julai 1768, tabibu William Heberden alisimama mbele ya chuo cha matabibu wa London akaeleza ugonjwa ambao hakuna aliyekuwa ameupa jina. Watu wanatembea, alieleza, hasa wakipanda kilima, hasa wakiwa wametoka kula, kisha wanabanwa kifuani kwa maumivu yanayowatia hofu ya kufa. Wakisimama tu, maumivu yanaondoka yote. Akauita angina pectoris, na hadi leo madaktari wa Kenya husema anjaina. Katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1802, baada ya kifo chake, Heberden aliacha kumbukumbu fupi ya mgonjwa mmoja aliyejipangia kupasua kuni kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona kabisa. Heberden hakueleza kwa nini. Aliandika alichokiona.

Ushahidi huo ulilala zaidi ya miaka mia moja. Karne ya 20 ilipoanza na shambulio la moyo likaanza kutambuliwa hospitalini, madaktari walishikwa na hofu kwamba moyo wenye kidonda utapasuka ukisumbuliwa. Mgonjwa akalazwa kitandani wiki 6, akalishwa kwa kijiko, akakatazwa hata kujigeuza. Wengi walipona shambulio wakauawa na kulala, kwa damu iliyoganda miguuni na kupanda mapafuni. Mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Boston walithubutu kuwakalisha wagonjwa wao kwenye kiti. Leo kiti kinaonekana kitu kidogo, lakini siku zile ilikuwa ni kukaidi mafundisho ya kizazi kizima.

Mwaka mmoja baadaye, London, Jerry Morris alichapisha utafiti wake wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili. Madereva walikaa siku nzima. Makondakta walipanda na kushuka mamia ya vidato vya ngazi za basi kwa siku, nao waliugua moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipougua hawakufa upesi kama wao. Waliishi mji mmoja, wakafanya kazi kampuni moja, ndani ya basi moja. Kisha Septemba 1955 Rais Eisenhower wa Marekani akapata shambulio la moyo akiwa Denver, na daktari Paul Dudley White, mpenda baiskeli na matembezi, akawaeleza wananchi waziwazi kwamba rais atarudi kazini na kwamba mwendo utamsaidia. Akarudi, akachaguliwa tena mwaka uliofuata. Mtazamo wa watu ukaanza kugeuka.

Kilichoufanya mwendo uwe dawa kinaeleweka vizuri sasa. Moyo ni msuli, nao una mishipa yake yenyewe. Mshipa ukiwa mwembamba kwa utando, damu inayopita hutosha mtu akiwa ametulia, lakini haitoshi akipanda ngazi. Msuli ukikosa hewa safi unalalamika, na malalamiko hayo ndiyo anjaina: kubanwa kifuani, kuhisi uzito, wakati mwingine kufikia begani, kwenye taya au mkono wa kushoto. Ikiwa inakuja kwa kiasi kilekile cha kazi, na inaondoka kwa dakika chache mtu akipumzika au akiweka tembe chini ya ulimi, madaktari huiita anjaina tulivu. Mtu anayejizoeza kutembea, misuli ya miguu yake hujifunza kuitumia vizuri damu inayoipata, na kwa kazi ileile moyo hupiga mara chache zaidi kuliko mwanzo. Kuta za mishipa nazo hulainika na kuachia zaidi damu inapopita kwa kasi. Kilima kilichokuwa kikimsimamisha katikati, anakimaliza. Utando haujaondoka, moyo umepunguziwa mzigo.

Swali la kama mazoezi yanaweza kushindana na chuma kinachowekwa ndani ya mshipa lilijaribiwa mjini Leipzig, Ujerumani. Rainer Hambrecht na wenzake waliwachukua wanaume 101 wenye anjaina tulivu, nusu wakawekewa stenti, yaani kibomba cha waya cha kuutanua mshipa, nusu wakapewa baiskeli ya mazoezi, dakika 20 kwa siku. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004: baada ya miezi 12, wa baiskeli waliopita bila tukio lolote baya la moyo walikuwa asilimia 88, wa stenti asilimia 70. Utafiti ulikuwa mdogo, na wanawake hawakuwemo kabisa. Ndiyo maana ule mkubwa uliokuja baadaye, uitwao ISCHEMIA, wenye wagonjwa 5,179 katika nchi 37, una uzito zaidi. Ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wengi wa hali tulivu, kukimbilia stenti au upasuaji hakupunguzi vifo kuliko kuanza na dawa nzuri na mabadiliko ya maisha, ingawa wale wenye maumivu ya mara kwa mara hupata nafuu kubwa zaidi wakitanuliwa mishipa. Ni lazima pia kusema kweli juu ya mazoezi yenyewe: mapitio ya mwaka 2018 yaliyokusanya tafiti 7 za watu wenye anjaina tulivu, jumla yao 581, yalikuta faida ndogo katika uwezo wa kutembea na ushahidi hafifu katika mengine. Ushahidi ulio imara zaidi umetoka kwa wagonjwa wa mishipa ya moyo kwa jumla, ambako makumi ya tafiti yameonyesha vifo vya moyo na kulazwa hospitalini vikipungua.

Sasa turudi nyumbani, maana wakati London na Leipzig zikijifunza upya kutembea, nchi ya Wamaasai ilikuwa inanyang'anywa mwendo wake.

Uwanda ulio kusini ya Nairobi, kuanzia mto Mbagathi kuteremka hadi Isinya na Kajiado, ni nchi ya Ilkaputiei, mojawapo ya sehemu za Wamaasai. Mkataba wa mwaka 1904 na ule wa 1911 iliwaondoa Wamaasai katika Bonde la Ufa na Laikipia, ikawakusanya katika hifadhi ya kusini ambayo Kajiado ya leo ni sehemu yake. Reli ya Magadi ikapita. Mwaka 1946 upande wa kaskazini ukatengwa kuwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Hata hivyo upande wa kusini wa mbuga ulibaki wazi, na nyumbu, punda milia, ng'ombe na watu waliendelea kuifuata mvua na majani. Mfugaji wa Kitengela alitembea kwa sababu ng'ombe walitembea. Hakuna aliyeita hayo mazoezi.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1968 iliyoweka ardhi mikononi mwa ranchi za vikundi. Nia ilikuwa kuwapa wafugaji hati na mikopo. Baada ya miaka ishirini wanachama wengi walitaka kila mtu achukue kipande chake, na ranchi ya Kitengela ikagawanywa mwaka 1988. Waliopata vipande wakauza vipande: kwa ajili ya karo, kwa ajili ya matibabu, kwa sababu ya ukame uliomaliza mifugo. Eneo la viwanda vya mauzo ya nje likafunguliwa jirani, Athi River, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na vibarua wakahitaji vyumba vya kupanga. Noonkopir, kituo kidogo cha maduka kando ya barabara ya Namanga, kikawa mji wa Kitengela. Sensa ya mwaka 2009 iliikuta Kaunti ya Kajiado ina watu 687,312. Ya mwaka 2019 ikahesabu 1,117,840, na kati yao 154,436 walikuwa Kitengela peke yake.

Kila kipande kilichouzwa kilizungushiwa waya. Watafiti wa taasisi ya mifugo ya ILRI, wakishirikiana na wenyeji, walichora ramani ya nyua hizo katika miaka ya 2000, na ukiitazama unaona jinsi njia za nyumbu zilivyokatika. Kilio cha wanyama kilisikika, na kulianzishwa hata mpango wa kuwalipa wenye ardhi ili wasijenge ua. Mimi nasikitika kwamba hatukutazama njia nyingine iliyokatika pale pale, njia ya mchungaji. Mtoto wa aliyetembea kutwa nzima nyuma ya ng'ombe leo anaendesha bodaboda, anauza simu, analinda geti la ghorofa, au anakaa kwenye matatu kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na saa mbili kila jioni kwenda na kurudi Nairobi, mji ulio umbali wa kilomita 30 tu. Haukuwa uvivu. Kazi ilibadilika, na pamoja nayo mwili.

Wala si Wamaasai peke yao. Kitengela ni mji wa Wakamba, Wakikuyu, Waluo, Wakisii, Waluhya, Wasomali, na kila mmoja alikuja na historia ya mwili wake. Mwaka 1956, Hugh Trowell na S. A. Singh waliandika katika East African Medical Journal habari za Mwafrika wa Afrika Mashariki aliyepatikana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Jambo hilo lilikuwa adimu kiasi cha mgonjwa mmoja kustahili makala nzima, na mgonjwa huyo alikuwa jaji, mtu wa kiti na ofisi. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake wakachapisha kazi iliyowafuata Waluo waliohama vijijini magharibi ya Kenya kuja kuishi Nairobi. Presha yao ilikuwa imeanza kupanda miezi michache tu baada ya kufika mjini, pamoja na chumvi iliyozidi katika chakula na uzito ulioongezeka. Miezi, wala si kizazi. Kufikia uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015, karibu robo ya watu wazima wa Kenya walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa.

Fikiria basi mzee wa miaka 60 wa Noonkopir, mstaafu wa kiwanda. Anapandisha ngazi kwenda orofa ya nne na kifua kinambana. Anasimama, kinaachia. Kwa miezi kadhaa anasema ni gesi, au vidonda vya tumbo, anakunywa dawa za duka la dawa. Asubuhi za Julai upepo wa baridi unapovuka uwanda, kinambana hata kwenye njia tambarare, kwa maana baridi hubana mishipa. Akishiba nyama choma kisha akatembea, hali kadhalika. Hatimaye mtoto wake anampeleka hospitali, anapimwa, anatumwa Nairobi kwa vipimo vikubwa, anarudi na jina la ugonjwa na mfuko wa dawa: aspirini ya kuzuia damu kuganda, statini ya kushusha kolesteroli na kuutuliza utando, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, na tembe za nitrati za kuweka chini ya ulimi.

Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea kwa upendo. Mzee ananyang'anywa jembe. Anaambiwa, baba, usinyanyuke, tutakuletea. Kiti chake kinawekwa kivulini na hapo anakaa, mwaka baada ya mwaka, akidhoofika miguu, akinenepa tumbo, akiogopa kila mpigo wa moyo wake. Tumemrudisha kwenye kitanda cha wiki 6, ila sasa wiki hazina mwisho.

Mpango wa kuurudishia moyo nguvu, ambao wataalamu huuita utengamao wa moyo, unaanza na kipimo. Mgonjwa hutembea dakika 6 kwenye ukumbi ulionyooka, mita 30 kwenda na mita 30 kurudi, na umbali aliofika unaandikwa. Palipo na mashine, moyo wake unachorwa akiwa anatembea, ili ijulikane ni mapigo mangapi kwa dakika ndipo maumivu yanapoanza. Mazoezi yake yatakaa chini ya hapo kwa mapigo 10 hivi. Pasipo na mashine, kuna ngazi ya kujipimia ya Msweden Gunnar Borg, yenye namba 6 hadi 20, ambayo mgonjwa hujitajia mwenyewe ukali wa kazi, na hulengwa katikati, 11 hadi 14. Kwa lugha ya nyumbani: tembea uweze kuzungumza na mwenzako, lakini usiweze kuimba. Dakika 10 au 15 za mwanzo ni taratibu kabisa, maana moyo wenye mishipa myembamba huchukia kushtuliwa. Dakika 20 au 30 za mwendo wenyewe. Kisha dakika 10 za kupoa. Asikae chini ghafla. Mara 3 kwa wiki au zaidi, kwa wiki 8 hadi 12, kisha aendelee maisha yote.

Lakini mwendo ni sehemu tu ya mpango. Katika wiki hizo mgonjwa hujifunza dawa zake, kwa nini asiache statini eti kwa sababu hasikii maumivu. Sigara na ugoro huzungumzwa, chumvi huzungumzwa, presha na sukari hufuatwa. Hofu huzungumzwa pia, na kwangu mimi hili ndilo jambo linalopuuzwa kuliko yote. Mjini York, Uingereza, Robert Lewin na wenzake walitunga mpango wa kitabu na muuguzi kwa watu waliotambuliwa karibuni kuwa na anjaina. Muuguzi alikaa na mgonjwa, akasahihisha imani zake moja moja: kwamba kila maumivu ni kipande cha moyo kinachokufa, kwamba moyo una mapigo yaliyohesabiwa, kwamba dawa ya salama ni kukaa. Kisha akampigia simu mara kwa mara. Utafiti wao wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 maumivu ya wagonjwa hao yalipungua kwa mara 3 kwa wiki, na ya wenzao waliopata elimu ya kawaida yalipungua kwa sehemu ndogo ya mara moja. Kitabu, muuguzi na simu. Katika orodha hiyo hakuna kitu kisichopatikana Kitengela.

Kenya yenyewe imeshajaribu. Mwaka 2022 madaktari wa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, na washirika wao walichapisha utafiti juu ya wagonjwa wa moyo uliolegea: baadhi walifanya mazoezi hospitalini chini ya uangalizi, baadhi nyumbani kwao, baadhi wakaendelea na kliniki ya kawaida. Ugonjwa wao haukuwa anjaina, lakini njia ni ileile, na hitimisho lao lilikuwa kwamba huduma hii inawezekana katika nchi hii, hata ile ya nyumbani. Kwa mtu wa Il Bissil au Mashuuru, huko ndani ya Kajiado, ambaye nauli ya kufika hospitali mara 3 kwa wiki ingekula mbuzi wake mmoja baada ya mwingine, huduma ya nyumbani ndiyo huduma pekee atakayoiona.

Ugumu uliobaki si wa kitabibu. Mahali pa kutembea ni wapi? Barabara ya Namanga imejaa malori. Vichochoro vya mji vina vumbi, matope ya masika na bodaboda zinazokuja pande zote mbili. Mwanamke mzee hatembei peke yake alfajiri. Mji ulijengwa kwa ploti, na ploti hazikuacha njia ya miguu. Ninavyoona, viwanja vya shule siku za Jumamosi, nyua za makanisa na misikiti, na ukumbi wa hospitali jioni wagonjwa wa kliniki wakishaondoka, vyote vingetosha kuanzia. Watu 10 wakitembea pamoja, mmoja wao akiwa amefunzwa, wanatembea kwa amani kuliko mtu mmoja mwenye tembe mfukoni na hofu moyoni.

Na waliofunzwa wapo karibu. Septemba 2023 serikali iliwazindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchi nzima, ikawapa mikoba yenye mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Wanazijua nyumba kwa majina. Naiomba Kaunti ya Kajiado iwaongezee somo moja: kumtambua mwenye anjaina tulivu aliyekwisha kupimwa na daktari, kumpimia mwendo wake wa dakika 6, kumtembelea au kumpigia simu kila wiki kwa miezi mitatu, na kujua dalili zinazotaka gari la hospitali badala ya matembezi. Mwongozo wa kitaifa wa kutibu magonjwa ya moyo upo tangu mwaka 2018. Mtaalamu mmoja wa fiziotherapia na muuguzi mmoja katika kila kaunti ndogo wangeweza kuwasimamia.

Nawe msomaji, ikiwa kifua kinakubana ukipanda ngazi, usianze kutembea kwa ajili ya makala hii. Nenda ukapimwe kwanza. Ukishaambiwa ni anjaina tulivu, muulize daktari akupimie mwendo kama anavyokupimia dawa. Weka tembe zako mahali utakapozifikia, na usizichanganye kamwe na dawa za nguvu za kiume zinazouzwa madukani, kwa sababu mchanganyiko huo unaweza kushusha presha hadi kuua. Maumivu yakija, simama, kaa, weka tembe chini ya ulimi. Yasipotulia baada ya dakika 5, weka ya pili. Yakiendelea baada ya hapo, au yakija ukiwa umepumzika, au yakiwa mapya, au yanakuja kwa kazi ndogo kuliko zamani, hiyo haiitwi tena anjaina tulivu: pelekwa hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana.

Na wewe mwenye baba au mama wa namna hiyo nyumbani, mtoe kwenye kiti, umshike mkono, utembee naye.